Kisima cha gesi kinakuja kijijini: mbane masharti, mpime maji kabla, au mfuatilie ukaguzi?

Mwenyekiti mmoja wa kijiji huku kusini alinipigia simu usiku, mvua ikipiga bati hata sauti yake inapotea. Mchana wa siku hiyo walikuwa wamefika wageni na magari matatu, wakapiga picha, wakachukua vipimo vya GPS kwenye mikorosho, wakaaga kwa kusema kwamba kisima cha gesi kitachorongwa karibu na hapo na kwamba wataalamu wa mazingira watafuata. Alitaka kujua jambo moja. "Ndugu yangu, sisi fedha hatuna, wanasheria hatuna. Tukiwa na nguvu ya kufanya kitu kimoja tu, tufanye kipi?"

Nilimjibu kwa ufupi usiku ule, na tangu hapo nimeulizwa swali hilohilo na wengine. Hapa nalijibu kwa urefu. Njia zinazowezekana kwa kijiji cha kawaida ni tatu: kubana masharti wakati kibali kinashughulikiwa, kupima maji yenu kabla mtambo haujafika, na kufuatilia ukaguzi wakati uchorongaji unaendelea. Ipo na ya nne, kulalamika baadaye, na ndiyo inayofuatwa na wengi.

Nani anatoa ruhusa ya nini

Watu hudhani kuna karatasi moja inayoitwa kibali cha kisima. Kwa Tanzania Bara ziko kadhaa, na kila moja ina ofisi yake. Haki ya kutafuta na kuzalisha gesi inatokana na Sheria ya Petroli ya 2015, ambayo inaweka leseni mikononi mwa TPDC, kampuni ya taifa, kisha mwekezaji anaingia naye mkataba. Kazi ya kisimani inasimamiwa na PURA, mamlaka iliyoundwa na sheria hiyohiyo. Mazingira yako chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004: mradi unafanyiwa Tathmini ya Athari kwa Mazingira, yaani TAM, ripoti inapitiwa na chombo ambacho wengi tunakijua kwa jina la NEMC, na cheti kinatolewa kwa mamlaka ya waziri mwenye dhamana ya mazingira. Maji ya kuchorongea yanahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde, na kwa Mtwara ni Bonde la Ruvuma na Pwani ya Kusini. Usalama wa wafanyakazi ni wa OSHA.

Naeleza haya kwa sababu moja. Kila ofisi ina jalada lake na mkaguzi wake, na mkaguzi anakagua kilichoandikwa kwenye jalada lake. Kisima cha maji cha Bi Fulani, kilichochimbwa na mradi wa zamani nyuma ya zahanati, kinaweza kukosekana kwenye majalada yote hayo. Hakikatazwi kukaguliwa, ila hakuna aliyekiandika. Kwa hiyo njia zote tatu nitakazozieleza zinarudi kwenye swali moja: jina la kisima chenu linaingiaje kwenye karatasi ambayo mtu analazimika kuisoma?

Kubana masharti wakati wa kibali

Hii ndiyo njia ya bei ndogo kuliko zote. Inataka muda, watu wanaosoma, na mkutano wa kijiji wenye muhtasari mzuri.

TAM inaanza kwa kubainisha mambo ya kuchunguzwa, kisha wataalamu wanakuja kukusanya taarifa na kusikiliza maoni. Nimehudhuria mikutano mingi ya namna hii. Wananchi huuliza ajira, huuliza fidia ya mikorosho, huuliza barabara. Ni maswali ya haki kabisa. Lakini saa mbili zinakwisha na hakuna aliyeuliza maji yao yatapimwa mara ngapi, na nani, na majibu yataletwa wapi. Mtaalamu anaandika kwenye kiambatisho: wananchi walijali ajira, fidia na barabara. Ameandika kweli.

Kisha ripoti inatoka. Ni kitabu kinene cha Kiingereza, chenye muhtasari wa Kiswahili mbele. Wengi wetu tunasoma muhtasari na kuridhika. Ahadi zenyewe zinakaa mwishoni, kwenye majedwali ya mpango wa usimamizi wa mazingira na mpango wa ufuatiliaji. Hapo kila mstari una athari, hatua, mhusika, kipimo, na mara ngapi. Mkaguzi akija mwaka ujao ataushika mpango huo. Kama umeandika "ubora wa maji utafuatiliwa" bila kutaja visima, yeye atapima kisima kilicho ndani ya uzio wa kampuni na atakuwa ametimiza wajibu wake.

Kwa hiyo mkiifuata njia hii, ombeni maneno, msiombe nia njema. Majina ya visima vya kijiji na vipimo vyake vya GPS. Orodha ya vitu vitakavyopimwa. Majibu yaletwe kwa mtendaji wa kijiji kwa Kiswahili, ndani ya siku zilizotajwa. Na sharti moja ninalolipenda kuliko yote, la taarifa ya saa 24, nitalieleza mbele.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba sharti peke yake halina macho. Likivunjwa bila mtu kuona, linabaki wino.

Kupima maji kabla

Hapa ndipo nitakaa zaidi, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, na kwa kuwa nimeshuhudia kinachotokea ikikosekana.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kijiji kimoja baada ya mtambo kuondoka. Bibi mmoja alinichotea maji kwenye kata, akaniambia, "Onja, mwanangu. Hayakuwa hivi." Nikaonja. Yalikuwa na chumvi, si ya kutupa, ila ya kuharibu chai. Nikatoa kifaa changu, nikapima, namba ikapanda juu kweli. Kisha nikauliza swali ambalo nilijua jibu lake: kuna aliyewahi kuyapima kabla? Hakuna. Kijiji kiko kilomita chache kutoka baharini. Visima vya pwani huingiwa na maji ya chumvi kwa sababu nyingi, ikiwemo kuvuta maji kupita kiasi wakati wa kiangazi. Huenda yalikuwa ya bahari, huenda yalitoka chini kwa sababu ya kazi ile, huenda yalikuwa hivyo na miaka ya mvua nyingi iliyafunika. Nilimwamini yule bibi. Kumwamini hakukunipa kitu cha kuandika kwenye ripoti.

Jambo hili si letu peke yetu. Katika mji mdogo wa Dimock, jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, tarehe 1 Januari 2009 kisima cha maji cha nyumba moja kililipuka na mfuniko wake wa zege ukarushwa. Methane, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi asilia, ilikuwa imeingia kwenye maji ya familia kadhaa jirani na visima vya gesi vya kampuni ya Cabot. Idara ya mazingira ya jimbo iliona makosa kwenye mabomba na saruji ya visima vya gesi. Kampuni ikashikilia kwamba methane ilikuwemo kwenye maji ya eneo lile tangu zamani. Kweli, eneo lile lina methane ya asili, na hapo ndipo mabishano yalipopata pa kusimama. Shauri la jinai lilifungwa mwishoni mwa 2022, kampuni ikakubali kulipia bomba jipya la maji kwa wakazi kwa zaidi ya dola milioni 16. Kati ya mlipuko na makubaliano ilipita miaka karibu 14.

Somo ambalo jimbo lilijifunza ni zuri. Sheria yake ya 2012 inasema kwamba maji yakiharibika ndani ya futi 2,500, yaani kama mita 760, kutoka kisima cha gesi inayotolewa kwa kupasua miamba migumu, na ndani ya miezi 12 tangu kazi ikamilike, kampuni inachukuliwa kuwa ndiyo iliyosababisha mpaka ithibitishe vinginevyo. Njia mojawapo ya kuthibitisha ni kuonyesha vipimo vya kabla. Matokeo yake, kampuni zenyewe zina sababu ya kwenda kugonga milango ya majirani na kuomba kupima maji yao kabla ya kuchoronga.

Msije mkaambiwa kwamba mfano huu hauhusu kusini mwa Tanzania kwa kuwa kule wanapasua miamba kwa maji ya shinikizo na huku gesi yetu iko kwenye mchanga-mwamba. Tofauti hiyo ni ya kweli, lakini kosa la Dimock lilikuwa la mabomba na saruji, na mabomba na saruji viko kwenye kila kisima. Visima vya Ntorya, Mtwara, vilishuka zaidi ya mita 2,500. Maji tunayokunywa yako juu kabisa ya safari hiyo, na kila kisima cha gesi lazima kiyapite.

Sasa, mpime nini? Msichukue kipimo cha kawaida cha maji ya kunywa peke yake. Kile kinaangalia vijidudu, floraidi, nitrati na mengineyo, na ni kizuri kwa afya. Hapa mnahitaji alama za vidole vya maji ya chini sana: kloridi, sodiamu, bromidi, bari na strontiamu, pamoja na methane na ethane iliyoyeyuka. Uwiano wa kloridi na bromidi husaidia kutenganisha chumvi ya bahari na chumvi nyingine. Ethane nayo ni shahidi mzuri, kwa kuwa methane inayotengenezwa na vijidudu kwenye matope ya juu kwa kawaida haiji na ethane ya maana, ilhali gesi ya chini huja nayo. Ulizeni maabara mapema kama wanapima gesi iliyoyeyuka. Haimo kwenye orodha ya kawaida, na huenda ikabidi chupa zisafirishwe.

Namna ya kuchukua sampuli ni nusu ya ushahidi. Pampu iachwe itoe maji kwanza mpaka kipimo cha upitishaji umeme, kinachoonyesha wingi wa chumvi, kitulie, vinginevyo mnapima maji yaliyolala kwenye bomba. Chupa ya gesi ni ndogo, ya kioo, na inajazwa mpaka maji yapande juu ya mdomo kama mgongo wa tone, kisha kifuniko kinafungwa. Igeuze juu chini uigonge kwa kidole. Ukiona kiputo hata kimoja, mwaga, anza upya, maana methane yote itakimbilia kwenye kile kiputo. Chupa zikae kwenye barafu. Andika tarehe, saa, jina la kisima, aliyechukua, aliyeshuhudia. Mwenyekiti asaini, fundi asaini, aliyepokea maabara asaini. Karatasi ikikatika mnyororo wake, wakili wa upande wa pili hatahangaika na kemia, ataing'oa karatasi.

Pimeni mara mbili, mwisho wa kiangazi na mwisho wa mvua. Kusini tuna msimu mmoja mrefu wa mvua, na kisima kile kile hutoa namba tofauti Oktoba na Aprili. Kipimo kimoja kitawapa kampuni nafasi ya kusema ni msimu.

Gharama ndiyo kikwazo. Vipimo kamili vya visima vitano, mara mbili, ni fedha ambazo kijiji hakina. Nitarudi kwenye hilo.

Kufuatilia ukaguzi wakati wa kuchoronga

Vijana hupenda njia hii, kwa sababu mtambo unaonekana. Mnara umewaka taa usiku, magari yanapishana, na moshi au mwali wa gesi unaochomwa unaonekana toka mbali. Inavutia kusimama pale.

Lakini kinacholinda maji yenu kinatokea mahali ambapo jicho halifiki, na kwa muda mfupi. Bomba la kinga la juu, linalotenganisha kisima cha gesi na maji yenu, likishashushwa, saruji inasukumwa ndani yake, inageukia chini, inapanda kwa nje mpaka itokeze juu. Kazi hiyo ni ya saa chache. Kama saruji haikurudi juu, au ilirudi ikiwa imechanganyika na tope la kuchorongea, ukuta una ufa. Mtambo unalipiwa kwa siku na hausubiri mtu. Mkaguzi anayetoka Dar es Salaam akifika siku tatu baadaye, anaonyeshwa karatasi na uwanja uliofagiliwa.

Ndiyo maana nalipenda sharti la saa 24. Pennsylvania, kwa visima vya aina niliyoitaja, kampuni lazima iitaarifu idara saa 24 kabla ya kusukuma saruji kwenye kila bomba la kinga, kabla ya kupima shinikizo, na kabla ya kufunga kisima moja kwa moja. Taarifa haimlazimishi mkaguzi kuja, ila inamwondolea kisingizio cha kutojua. Sharti kama hilo linaweza kuombwa kwenye mkutano wa TAM, nakala ya taarifa iende kwa mtendaji wa kijiji.

Kamati yenu ya mazingira bado ina la kufanya nje ya uzio. Angalieni bwawa la tope: lina turubai nzito chini au ni udongo mtupu, na mvua ikinyesha maji yake yanaelekea wapi? Vipande vya mwamba vinavyotolewa vinapelekwa wapi, na gari linarudi na karatasi ya kupokelewa? Kifaa cha mkononi cha kupima upitishaji umeme wa maji si ghali, na kijana aliyemaliza kidato cha nne anajifunza kukitumia asubuhi moja. Kisahihishwe kila wiki kwa maji maalumu ya kusahihishia kifaa, yale yanayopaswa kusoma 1,413, na namba ziandikwe kwenye daftari lenye kurasa zilizoshonwa, si karatasi za kuchomoa. Namba hizo pekee hazithibitishi uchafuzi. Zinawaambia siku ya kupiga simu, na kwa kazi hiyo zinatosha.

Udhaifu mkubwa wa njia hii ni kwamba mwisho wa yote inarudi kuuliza: ilikuwaje kabla?

Na kulalamika baadaye?

Mlango huo upo, na sheria ya 2004 inampa mtu haki ya kudai mazingira safi na salama. Wakaguzi wa mazingira wana uwezo wa kuingia, kuchukua sampuli na kutoa amri ya kusimamisha. Ila mtakwenda mkiwa na kata ya maji mkononi, kama yule bibi.

Nani achague nini

Kama tangazo la TAM ndiyo kwanza limebandikwa, mko mahali pazuri kuliko mnavyodhani. Msitumie fedha zenu bado. Ombeni kwenye mkutano, na hakikisheni imeandikwa kwenye muhtasari, kwamba kampuni ilipie vipimo vya visima vya kijiji kabla ya kuchoronga, misimu miwili, na kila sampuli igawanywe chupa mbili: moja maabara ya kampuni, nyingine maabara mtakayochagua ninyi. Wazo la kampuni kupima halinitishi ikiwa chupa ya pili iko mikononi mwenu. Hapo njia ya kwanza inawalipia ya pili.

Kama cheti kimekwisha kutolewa na mtambo uko njiani, njia ya kwanza imepungua nguvu. Changeni. Chagueni visima viwili tu, kile kilicho karibu zaidi na uwanja na kile kinachotumiwa na watu wengi zaidi, mpime mara moja kwa orodha kamili. Bora visima viwili vyenye methane na bromidi kuliko kumi vyenye floraidi tu.

Kama mtambo umeanza kazi jana, pimeni leo. Kipimo cha siku ya pili bado ni cha maana ikiwa uchorongaji haujafika kwenye maji yenu. Ulizeni wazi: mmefika mita ngapi?

Kijiji cha wavuvi kinahitaji jibu tofauti. Pale Msimbati, visima vya Mnazi Bay viko kwenye eneo la Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, na cha kuhofia zaidi ni matumbawe, nyasi bahari na samaki. Huko ushahidi wa kabla ni daftari la mwalo: kilo za kila siku, aina ya samaki, mtego, mahali. BMU, yaani kikundi cha wavuvi cha kusimamia mwalo, yenye daftari la miaka miwili ina nguvu kuliko BMU yenye chupa ishirini za maji ya bahari.

Na wale walio jirani na visima vya zamani, kama Songo Songo ambako gesi iligunduliwa 1974 na kuanza kupelekwa Dar es Salaam 2004, njia yenu ni ukaguzi wa kila mwaka. Waombeni waeleze shinikizo kwenye nafasi iliyo kati ya bomba na bomba, kwa kuwa likipanda na kurudi kila linapoachiwa, kuna mahali panavuja. Waombeni pia ramani ya mabomba madogo yaliyoachwa ardhini. Mwaka 2017 huko Firestone, Colorado, nyumba ililipuka na watu wawili wakafa kwa sababu bomba lililokatwa lilibaki limeunganishwa na kisima cha gesi kinachofanya kazi, na waliojenga hawakujua.

Yule mwenyekiti alichagua njia ya kwanza ili apate ya pili. Aliandika barua ya ukurasa mmoja yenye majina ya visima vinne, akaisoma mkutanoni, akaomba iambatishwe kwenye ripoti, akapewa nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Oktoba nilikwenda kwao na boksi la barafu. Mtendaji alishika kalamu, mimi nikashika chupa, na kisima cha kwanza tulichokiandika kilikuwa cha nyuma ya zahanati.